Pima Pengo Kabla Hujanunua Fimbo

NDUGU msomaji, mchezo wa gofu una adhabu zake nyingi, na mojawapo ni hii: mpira umelala vizuri juu ya nyasi, upepo umetulia, shimo unaliona kwa macho yako, lakini ukitazama ndani ya mfuko huoni fimbo ya kazi hiyo. Fimbo moja ni kali mno. Ukiipiga barabara mpira utavuka na kutokomea vichakani. Fimbo inayofuata ni dhaifu mno. Hata ukitumia nguvu zako zote mpira utaishia kwenye mchanga. Katikati ya fimbo hizo mbili pana nafasi tupu.

Nafasi hiyo wachezaji huiita pengo, na wenye maduka wanayo dawa yake tayari. Watakuonyesha weji mpya inayong'ara, yaani ile fimbo fupi yenye uso uliolala, na kukuhakikishia kwamba ndiyo iliyokosekana katika maisha yako. Huenda wanasema kweli. Huenda pia wanakuuzia fimbo ya kuziba pengo usilokuwa nalo, kwa fedha ambazo nyumba ilikuwa imezipangia kazi nyingine. Leo basi tutazame jinsi mtu anavyoweza kulijua pengo lake mwenyewe, kulipima, na kuchagua fimbo ya kulijaza bila kuiumiza familia.

Wako watakaouliza: gofu na mfanyakazi wapi na wapi? Zamani swali hilo lilikuwa na haki yake. Mchezo huu ulihesabiwa kuwa wa mabwana, na mwananchi alionekana uwanjani akiwa amebeba mfuko wa mtu mwingine. Siku hizi hali imebadilika. Katika viwanja vyetu, kuanzia Gymkhana na Lugalo mjini Dar es Salaam hadi Arusha, Moshi na Morogoro, wamo askari, wamo waajiriwa wa maofisini, na wamo vijana walioanza kama makedi wakajifunza kwa kutazama. Wengi wao hawakununua seti nzima dukani. Wamekusanya fimbo moja moja, nyingine za zawadi, nyingine zilizokwisha kutumiwa na watu wawili au watatu. Mfuko uliokusanywa namna hiyo ndio unaojaa mapengo kuliko yote. Kwa hiyo somo hili ni la mfanyakazi kabla ya kuwa la tajiri, kwa kuwa tajiri akikosea atanunua nyingine.

Pengo latoka wapi?

Chukua fimbo yoyote ya chuma uisimamishe sakafuni kama inavyopasa kusimama mpira unapopigwa. Utaona kwamba uso wake haukusimama wima kama ukuta, bali umelala nyuma. Kulala huko hupimwa kwa nyuzi, kama pembe zinavyopimwa shuleni kwa kipimapembe. Katika makala haya tutakuita ulalo. Fimbo yenye ulalo mdogo huupeleka mpira mbali na kwa chini. Fimbo yenye ulalo mkubwa huurusha juu na kuuangusha karibu. Kutoka chuma namba moja hadi namba inayofuata, ulalo huongezeka kwa nyuzi tatu, nne au tano hivi, na umbali hupungua kwa takriban mita 10. Ndiyo ngazi ya mchezaji, na kila fimbo ni kipandio chake.

Sasa tazama yaliyoipata ngazi hiyo kwa chini. Katika miaka ya 1970, weji ya kupandishia, ile yenye herufi P, ilikuwa na ulalo wa karibu nyuzi 50. Weji ya mchanga, yenye herufi S, ilikuwa na nyuzi 55 au 56. Baina yao palikuwa na hatua moja ya kawaida, na mchezaji alishuka ngazi yake bila kujikwaa.

Tangu hapo watengenezaji wamekuwa wakisimamisha nyuso za fimbo zao mwaka hata mwaka. Katika seti nyingi zinazouzwa leo kwa wachezaji wa kawaida, weji yenye herufi P ina nyuzi 43 hadi 46 tu. Kwa hesabu ya wazee hiyo si weji tena, bali ni chuma namba 9 kilichobadilishiwa jina. Watengenezaji wana sababu ya kitaalamu: fimbo za siku hizi zimewekewa uzito chini na nyuma ya kichwa, hivyo huurusha mpira juu zaidi, na ulalo ukipunguzwa mpira hurudi katika njia yake ya kawaida. Sababu hiyo ni ya kweli. Lakini ipo na nyingine ambayo kila mfanya biashara anaifahamu. Mnunuzi akijaribu chuma namba 7 dukani akaona mpira unakwenda mbali kuliko chuma chake cha zamani chenye namba hiyo hiyo, atafungua pochi upesi.

Weji ya mchanga haikuweza kufuata mwendo huo. Kazi yake ni kuutoa mpira katika shimo la mchanga, na kwa kazi hiyo inahitaji ulalo wake ule ule wa nyuzi 54 hadi 56. Hivyo P imekwenda juu na S imebaki chini, na kipandio kizima kimetoweka katikati ya ngazi. Pengo la nyuzi tano limekuwa la nyuzi 10, hata 12. Ndipo ilipozaliwa weji ya nne, ambayo sisi tutaiita weji ya pengo. Wengine huipiga chapa ya herufi A, wengine G, wengine U. Herufi ni tatu, kazi ni moja.

Usisome herufi, soma nyuzi

Kutokana na hayo, ndugu msomaji, pokea kanuni ya kwanza: herufi na namba zilizopigwa chini ya fimbo ni majina, si vipimo. Watu wawili wanaweza kuitwa Juma, mmoja mrefu na mwingine mfupi. Vivyo hivyo, P ya mtengenezaji mmoja yaweza kuwa na nyuzi 43 na ya mwingine nyuzi 48. Atakayenunua weji ya pengo kwa kutazama herufi peke yake ananunua kiatu kwa kutazama rangi bila kuuliza namba.

Weji nyingi zinazouzwa moja moja hupigwa chapa ya nyuzi zake, kama 50, 52 au 56. Hiyo ni nafuu kubwa. Weji iliyokuja pamoja na seti mara nyingi ina herufi tu. Ukiwa na jina la seti yako na mwaka wake, vipimo vyake hupatikana kwa mtengenezaji. Fundi wa fimbo naye anacho chombo cha kupimia ulalo, na kazi hiyo ni ya dakika chache. Chini ya hapo, hata kipimapembe cha mtoto wa shule, kikishikwa kwa uangalifu dhidi ya mpini na uso wa fimbo, kitakuonyesha kama tofauti ni ya nyuzi tano au ya nyuzi 12.

Kedi aliyetengeneza weji yake

Kabla hatujaingia katika kupima, yafaa tumkumbuke mtu mmoja ambaye hakungoja duka limtibu. Gene Sarazen alizaliwa mwaka 1902 katika jimbo la New York, Marekani, mtoto wa fundi seremala aliyehamia kutoka Italia. Alianza kubeba mifuko ya wachezaji akiwa mtoto mdogo. Baadaye akawa bingwa, lakini mchanga ulimshinda. Fimbo za wakati ule zilikuwa na ncha kali kwa chini. Zilipoingia mchangani zilichimba kama jembe na kukwama.

Karibu na mwaka 1931 Sarazen aliichukua fimbo yake na kuiongezea risasi ya kulehemu nyuma ya sehemu ya chini, mpaka kisogo cha sehemu hiyo kikawa chini kuliko ncha ya mbele. Alisimulia mwenyewe kwamba fikra hiyo ilimjia alipotazama jinsi mkia wa ndege unavyoshushwa ili pua ipande. Matokeo yake ni kwamba fimbo haikuchimba tena; iliteleza chini ya mpira na kuunyanyua pamoja na mchanga. Mwaka 1932 akaenda nayo Uingereza, katika uwanja wa Prince's mjini Sandwich, akashinda mashindano ya wazi ya nchi hiyo. Mwaka huo huo akashinda na yale ya Marekani.

Kuna jambo la kujifunza kwa Sarazen mbali na ubingwa wake. Kwanza aliutambua udhaifu wake mahali ulipo hasa, yaani mchangani, si mahali pengine. Kisha akatafuta fimbo ya kuutibu udhaifu huo na si udhaifu wa jirani yake. Huo ndio utaratibu tunaoutaka hapa.

Daftari na mipira kumi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika gofu mali yako ni umbali wa kila fimbo, na wachezaji wengi hawana daftari. Muulize mtu chuma chake namba 9 kinafika wapi, atakutajia ule mpira mmoja aliowahi kuupiga siku ya sikukuu, upepo ukiwa mgongoni. Huo si umbali wake. Ni kumbukumbu yake.

Fanya hivi. Chagua asubuhi isiyo na upepo, kwenye ardhi iliyo sawa. Chukua mipira 10 ya aina unayoitumia siku zote katika mchezo, maana ile mipira iliyochakaa ya mazoezi huenda karibu zaidi na itakudanganya. Piga yote 10 kwa fimbo moja, kwa mpigo wako wa kawaida, ule unaoweza kuurudia bila kuyumba, si kwa nguvu za kumwonyesha mtu. Mwenzako au mwanao asimame mbele, mbali kidogo na njia ya mpira, aangalie mahali unapoanguka, kwa sababu tunataka umbali wa angani na si wa kubiringika. Wakati wa kiangazi ardhi ngumu huusukuma mpira mbele, wakati wa masika hunata pale pale. Umbali wa angani haubadiliki kiasi hicho.

Ukimaliza, itupe katika hesabu miwili iliyokwenda mbali kuliko yote na miwili iliyoishia karibu. Sita iliyobaki, pima hatua hadi katikati yake. Kabla ya hapo ujue hatua yako: pima mita 20 kwa kamba nyumbani, uzitembee, uhesabu. Andika. Kisha chukua fimbo inayofuata ufanye vivyo hivyo, mpaka fimbo zote za mfukoni ziishe. Kazi hii yaweza kuchukua asubuhi mbili. Si lazima kuimaliza siku moja, maana mikono iliyochoka haitoi kipimo cha kweli.

Neno moja kwa wanaosafiri: pima katika uwanja wa nyumbani kwako. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya bahari na Nairobi karibu mita 1,700. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na mpira ule ule kwa fimbo ile ile huenda mbali zaidi. Daftari la pwani halitumiki mlimani bila kusahihishwa.

Kusoma daftari

Tuchukue mfano wa mfanyakazi mmoja aliyekamilisha kazi hiyo. Daftari lake lasema: chuma namba 8, mita 123, namba 9, mita 112, weji yenye P, mita 101, weji ya mchanga, mita 74. Tazama vipandio vyake. Kutoka 123 hadi 112 ni mita 11. Kutoka 112 hadi 101 ni mita 11. Kutoka 101 hadi 74 ni mita 27. Hapo hahitaji mtu wa kumwambia. Pengo limejisema lenyewe. Akipima ulalo atakuta P yake ina nyuzi 44 na S ina nyuzi 56. Nusu ya njia ni nyuzi 50, na weji ya nyuzi 50 itampeleka karibu mita 88. Ngazi yake itakuwa 101, 88, 74. Mtu huyu akinunua, amenunua kwa haki.

Mfano wa pili ni wa ndugu aliyerithi seti ya zamani. P yake ina nyuzi 49, S yake nyuzi 56, na umbali ni mita 95 na mita 79. Tofauti ni mita 16. Ni kubwa kidogo kuliko kawaida, lakini dawa yake haiuzwi dukani. Akiishika P chini kidogo kwenye mshiko, kiasi cha upana wa vidole viwili, fimbo inakuwa fupi na mpira utashuka mita kadhaa kabla ya umbali wake wa kawaida. Pengo limezibwa bila senti moja.

Mfano wa tatu ndio unaosahaulika. Kuna anayekazana kutafuta weji ya pengo ilhali daftari lake linaonyesha tofauti ya mita 15 tu kwa chini, na mita 50 kwa juu, kati ya chuma chake kirefu kuliko vyote na fimbo kubwa ya kuanzia. Pengo lake liko mlangoni, yeye anaziba dirisha. Ndiyo maana tulisema fimbo zote zipimwe kabla ya uamuzi wowote.

Kabla ya kutoa fedha

Hata pengo likithibitika, jaribu kwanza njia zisizo na gharama. Ya kwanza ni hiyo ya kushika chini. Ya pili ni kufupisha mpigo: mikono iishie usawa wa kifua badala ya bega, mwendo ukiwa ule ule wa utulivu. Fanya mazoezi hayo kwa P kwa wiki tatu nne, uandike mpira unafika wapi. Ikiwa unaweza kuupata umbali wa katikati kila mara, fimbo mpya ngoja. Ikiwa mpigo wa nusu unakuponyoka, leo karibu, kesho mbali, basi ujue kwamba wewe ni miongoni mwa wale wanaohitaji fimbo ya kupiga kwa mpigo kamili, na hilo si aibu. Wachezaji wengi huuamini mpigo kamili kuliko wa nusu, na hiyo ndiyo hoja ya haki kabisa ya kuwa na weji ya nne.

Njia ya tatu ni ya fundi. Fimbo iliyofuliwa kwa chuma laini yaweza kukunjwa shingoni kwa nyuzi moja au mbili kwa mashine maalumu. Ukiwa na weji ya nyuzi 52 na ulihitaji 51 au 50, fundi atakumalizia. Lakini asiwe fundi wa nyundo! Fimbo zilizomiminwa katika kalibu ni ngumu na zaweza kuvunjika. Tena kila uzi mmoja unaopunguzwa katika ulalo hupunguza uzi mmoja katika mbenuko wa wayo, neno ambalo sasa tunalifafanua.

Wayo wa fimbo

Geuza weji juu chini utazame sehemu inayogusa ardhi. Huo ndio wayo. Ule mteremko aliouongeza Sarazen, unaofanya kisogo cha wayo kiwe chini kuliko ncha ya mbele, ndio mbenuko, nao hupimwa kwa nyuzi. Mbenuko mdogo ni kama nyuzi 4 hadi 6. Wa wastani ni 7 hadi 10. Mkubwa ni zaidi ya hapo, na weji ya mchanga mara nyingi ina 10 hadi 14.

Mbenuko mkubwa huisaidia fimbo kuteleza mahali laini: mchanga mwingi, nyasi nene, ardhi iliyolowa. Mahali pagumu hudunda, na ncha ikagonga mpira tumboni. Mbenuko mdogo huingia vizuri chini ya mpira penye ardhi ngumu na nyasi chache, lakini mahali laini huchimba. Mwenye kucheza katika uwanja unaokauka na kuwa kama sakafu asichukue mbenuko mkubwa kupita kiasi. Mwenye kucheza penye mvua na nyasi nzito asichukue mdogo. Jitazame na wewe mwenyewe: ikiwa kila mpigo wako unaacha shimo refu la udongo, mkono wako unashuka kwa ukali, na mbenuko utakufaa zaidi. Kwa weji ya pengo, ambayo kazi yake kubwa ni mpigo kamili kutoka kwenye nyasi, mbenuko wa wastani wa nyuzi 8 hadi 10 huwafaa wengi.

Fimbo ya mkono wa pili

Weji iliyokwisha kutumiwa si kitu cha kudharauliwa, mradi uikague. Pitisha ukucha juu ya mifuo, yaani ile mistari iliyochimbwa usoni. Ukucha ukinasa, mifuo ingali hai. Ukiteleza kama juu ya kioo, mpira hautapata mzunguko wa kuusimamisha. Tikisa fimbo karibu na sikio. Kikisikika kichwa kikicheza au kitu kikigongagonga ndani, iache. Chunguza mpini karibu na shingo: kutu hapo ni hatari, kwa maana mpini waweza kukatika na kichwa kikaruka. Kutu nyepesi usoni haidhuru kitu. Ziko weji zinazoachwa zishike kutu kwa makusudi. Mshiko uliochakaa usikutishe, kwani hubadilishwa kwa gharama ndogo, nao utakupa sababu ya kuomba bei ipunguzwe.

Angalia pia kwamba mpini unafanana na wa vyuma vyako kwa uzito na ugumu. Mtu mwenye mipini myepesi katika seti nzima, akiongeza weji yenye mpini mzito wa chuma, mikono yake itamshangaa. Na uisimamishe fimbo mbele yako: wayo ukae sawa chini. Ncha ya nje ikiinuka au kisigino kikiinuka, fimbo hiyo ilikatwa kwa ajili ya mtu mwenye kimo kingine.

Kumi na nne, wala si lazima

Sheria ya gofu yasema mchezaji asibebe zaidi ya fimbo 14. Marekani waliiweka mwaka 1938, na chama cha St Andrews, huko Uskoti, kikafuata mwaka 1939, kwa sababu wachezaji walikuwa wamefikia kujaza mifuko kiasi cha kuwaonea huruma makedi. Katika mashindano ya kuhesabu mapigo, anayebeba ya 15 hutozwa mapigo mawili kwa kila shimo alilocheza nayo, yasizidi manne kwa mzunguko. Kwa hiyo mwenye mfuko uliojaa akitia weji ya pengo hana budi kutoa nyingine. Aitoe ile ambayo daftari linaonyesha inafika pale pale inapofika jirani yake.

Lakini sheria imeweka kikomo cha juu tu. Ya chini haikuwekwa. Wewe mwenye fimbo saba usijione pungufu. Severiano Ballesteros, Mhispania aliyekuja kushinda mashindano ya wazi ya Kenya mwaka 1978, alijifunza utotoni kwa chuma kimoja tu, namba 3, akipiga mipira ufukweni karibu na kwao Pedreña. Fimbo hiyo moja ilimlazimu kubuni kila aina ya mpigo. Simulizi hili lisitumiwe kumnyima kijana fimbo anayoihitaji. Litumike kumkumbusha mtu mzima kwamba mkono uliofundishwa huziba mapengo mengi.

Mezani nyumbani

Nimalizie na jambo ambalo si la uwanjani. Wapo wachezaji wanaoingia nyumbani na fimbo mpya usiku na kuificha uvunguni kama mtoto aliyechota sukari. Wanafanya hivyo kwa sababu wanajua hawana jibu la swali litakaloulizwa. Mwenye daftari anayo majibu. Aliweke mezani mbele ya mwenzake, aonyeshe 101, aonyeshe 74, aeleze kwamba amejaribu kushika chini, amejaribu mpigo wa nusu, na kwamba amepata fimbo iliyotumika, yenye nyuzi 50, kwa bei hii. Kisha wakubaliane kama inunuliwe mwezi huu au ingoje ada ya shule ilipwe kwanza. Mke au mume asiyejua hata mpira wa gofu una rangi gani ataelewa hesabu ya namna hiyo, kwa kuwa ndiyo hesabu ya unga na mafuta ya taa: kilichopo, kilichopungua, na kinachohitajika.

Tena katika nyumba nyingi mcheza gofu si baba peke yake. Akina mama wanacheza, na vijana wanacheza. Daftari la mmoja halimfai mwingine. Mama mwenye mpigo wa mita 70 kwa P atakuwa na mapengo madogo zaidi kwa mita, na huenda akatosheka na weji chache kuliko mumewe. Apime ya kwake, wala asikubali kurithishwa fimbo kwa sababu tu mwenye nyumba amenunua nyingine.

Wahenga walituachia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini fundi mwema huutazama ufa kwanza, akajua unaanzia wapi na una upana gani, ndipo akachanganya udongo. Jumapili hii, kabla hujapita dukani, pita uwanjani na mipira 10, kalamu na daftari.